Sakafu ya Fundi Latyr

Kila aliyeingia chumbani kwa Latyr Ngom aligonga kichwa mlangoni, isipokuwa mwenye chumba. Ndoumbé Samb, yule dada wa mipango miji, aligonga mara mbili: alipoingia na ramani yake kwapani, na alipotoka, ingawa Mama Dibor alikuwa ameshamwonya. Mara ya pili alikaa kabisa kizingitini, akashika paji la uso, akacheka kwa aibu. Dibor alikimbia kuleta kitambaa na mfuko mmoja wa bisapu, juisi nyekundu ya rosela iliyogandishwa aliyokuwa akiuza, akamkandamizia mgeni kichwani. Uso wa Dibor ulikuwa umeshuka kuliko wa aliyeumia.

"Pole, binti yangu. Pole sana. Nyumba hii imetuzoea sisi tu."

"Si neno, mama. Mlango huu ulikuwa na kimo gani zamani?"

"Muulize fundi."

Fundi, yaani mumewe, alikuwa uani akinoa mwiko ambao haukuhitaji kunolewa. Kwa miaka kumi na saba, kila mvua zilipokwisha na maji ya ardhini yakaendelea kupanda vyumbani, Latyr alifanya kile kilichofanywa na mtaa mzima wa Keur Yoro: alinunua takataka. Mkokoteni wa farasi ulizileta, yeye akazimwaga sakafuni, akazishindilia kwa miguu, akafunika kwa mchanga na kusiriba saruji nyembamba juu. Sakafu ilipanda vidole viwili au vitatu, maji yakabaki chini, na watu wakapumua mpaka mvua za mwaka mwingine. Paa, kwa bahati mbaya, lilibaki pale pale. Latyr alikuwa mtu mrefu, wa kabila la Waserer kutoka Sine hasa, na sasa alivaa kanzu yake akiwa amekaa kitandani.

"Swali nimelisikia," alisema bila kugeuka. "Mlango ulikuwa mita mbili na kidogo. Niliuweka mimi. Na jibu la hiyo karatasi yako ni hapana."

Ndoumbé hakukasirika. Alikwisha kusikia hapana nyingi katika kazi hii, na nyingine zilikuja na mbwa. Alitandaza ramani juu ya beseni lililofunikwa, akaweka kidole.

"Baba Ngom, tazama hapa tu. Maji yanaanzia huku juu, kwenye zile nyumba kumi na moja zilizohamwa. Yanataka kwenda bondeni, kule kwenye matete. Kulia kuna barabara, imeinuliwa. Kushoto kuna ghorofa na transfoma ya umeme. Katikati kuna..."

"Katikati kuna mimi."

"Katikati kuna vyumba viwili vya uani. Tutapitisha mtaro wa wazi. Chini tutaacha mchanga ili ardhi inywe maji, kandokando tutapanda majani yashike udongo. Bondeni tutachimba bwawa. Kiangazi watoto watacheza mpira humo, na kina mama watalima letusi na nanaa pembeni. Nyumba zile kumi na moja zitakauka, baba. Watu watarudi."

"Na mimi nitalala kwenye letusi?"

Gnilane, binti yao, aliyekuwa akishona nguo ya harusi ya mtu chumbani kwake, aliangua kicheko, kisha akakigeuza kikohozi. Baba yake alilitupia jicho dirisha lile.

"Mtajengewa vyumba viwili ghorofani, upande wa mbele," Ndoumbé aliendelea. "Saruji itatoka kwenye mradi, kazi watafanya mafundi wa mtaa. Imeandikwa."

"Binti, mimi ndiye fundi wa mtaa. Vyumba vilivyoandikwa navijua. Havivuji kamwe, kwa sababu havijengwi."

Ndoumbé alikunja ramani. "Wenye nyumba wote ishirini na sita walioguswa wameshatia sahihi. Umebaki wewe. Ijumaa jioni napeleka karatasi mjini. Sahihi yako ikikosekana, katapila litakwenda mtaa unaofuata kwenye orodha, na mvua ziko wiki tano mbele. Sikutishi. Nakwambia ratiba."

"Nimeisikia ratiba."

Akaondoka, safari hii kwa kupitia uani ili asikutane tena na mlango.

*

Siku ya pili yake, sinia la wali wa samaki liliwekwa uani, juani, karibu na kitanda cha mbao. Latyr alikitazama kitanda kile kwa muda kabla ya kuelewa kwamba ni chake.

"Kimefika vipi hapa?"

"Kwa miguu yake," alisema Dibor. "Kula, wali unapoa."

"Dibor."

"Mimi na Gnilane tumekibeba. Nimeshalala chumbani humo vya kutosha. Nimechota maji kwa ndoo ndani ya chumba changu tangu mtoto huyu anaota meno, sasa ana meno yote na bado nachota. Mwaka jana nilimpokea mkwe wa dada yangu, mtu mzima na kilemba chake, akagonga kichwa, kilemba kikaangukia kwenye maji. Akakiokota, akakikamua kama dekio, akasema hakuna shida. Mimi nilitaka ardhi ifunguke. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

Latyr alikuwa amesema kwamba mwakani angeongeza sakafu. Alichota wali, akautafuna polepole. Kichwa kizuri cha samaki, ambacho kwa desturi husogezwa upande wa baba, kilikuwa kimegeuzwa kuelekea kwa Gnilane. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri.

"Umekwisha kutia sahihi kwenye orodha ya kina mama," alisema.

"Mimi ndiye mwenyekiti wa kina mama. Nisitie sahihi, nitie nini?"

"Umenipita pembeni."

"Nimekupita kwa sababu umesimama katikati ya njia, Latyr! Kila mtu anakupita pembeni. Hata maji." Alipunguza sauti, maana ukuta wa jirani ulikuwa na masikio. "Unang'ang'ania nini humo ndani? Niambie nami ning'ang'anie."

Alifikiri. Kusema kweli jibu lilikuwapo, ila lilikuwa gumu kutoka. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mbili asiye na shamba wala gari, na watoto wake wa kiume walikuwa mbali, kimya. Alichokuwa nacho ni sakafu ile. Wengine wote upande wa juu walishindwa na maji wakahama. Yeye hakuhama. Kila mwaka alinunua mkokoteni wake, akajaza, akabaki. Mtaani waliposema "Ngom ni kichwa ngumu", yeye alisikia sifa.

"Nimeijaza kwa mikono yangu," alisema mwishowe.

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nasogeza vyombo."

Gnilane aligeuza kichwa cha samaki, akakisukuma taratibu upande wa baba yake. Mama yake alimwona, akaendelea kula.

*

Alhamisi alasiri mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti wa mtaa aliomba dua, akasalimia familia zote kwa majina ya ukoo, kazi iliyochukua robo saa, kisha Ndoumbé akatundika ramani kubwa ubaoni. Nyumba zilizotia sahihi zilipakwa kijani. Moja ilikuwa nyekundu. Hakuna aliyetaja jina, lakini vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine, na kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe ndiyo chunusi yetu ile." Watu wakacheka. Latyr aliketi wima, akatazama mbele kama mtu anayepigwa picha.

"Msimcheke mtumwa wangu!" ilipazwa sauti kutoka langoni. "Nikimwuza nitapata hasara."

Alikuwa Hamady Wane, dereva mstaafu wa malori, aliyekuwa jirani wa Latyr kwa upande wa juu, ukuta kwa ukuta, mpaka maji yalipomtoa. Siku hizi aliishi mji wa Rufisque kwa mkwewe, katika chumba kimoja. Wane alikuwa Mtukulori, na Watukulori na Waserer ni watani tangu enzi za mababu: kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, humtukana chakula chake na ukoo wake, na ni marufuku kununa. Kwa miaka thelathini wawili hawa hawakuwahi kusalimiana kwa ustaarabu hata mara moja. Hata kwenye maziko ya Awa, mke wa Wane, Latyr alimwambia mfiwa mbele ya watu wote kwamba Mserer ndiye aliyepaswa kulia, maana amepoteza mjakazi mzuri, na Wane akacheka huku machozi yakimtoka. Waliokuwapo walisema ndipo mzee yule alipoanza kupona.

"Mnywa maziwa amefika," alisema Latyr, akafurahi kuwa na mtu wa kumjibu. "Ficheni vibuyu."

"Nimefika kutazama nyumba yangu ikikauka. Naambiwa wewe umeikalia."

"Nyumba yako ilizama kwa sababu Mtukulori hajui kujenga. Mnazoea kulala chini ya ng'ombe."

Uwanja ulicheka, na hali ikalegea kidogo. Ndoumbé aliona nafasi. "Baba Ngom, tatizo lako na ramani ni nini hasa? Tuambie mbele ya wote."

Latyr akasimama. "Tatizo langu ni kwamba kompyuta haijawahi kupiga plasta. Umetuletea rangi. Unasema maji yanapita kwangu. Yangekuwa yanapita kwangu ningeyaona. Mimi napima usawa kwa mpira wa maji, miaka arobaini, na haujanidanganya."

"Basi pima," alisema Ndoumbé.

"Nini?"

"Pima kwa mpira wako, kutoka kwa Mzee Wane mpaka kwako. Mpira ukisema ramani ni ya uongo, nitaikunja hapa na nitakuomba radhi mbele ya mtaa mzima."

Kisha Dibor, kutoka safu ya kina mama, akasema kwa sauti safi: "Na usiposema hivyo?"

Kila mtu alimtazama Latyr. Alikuwa amejifunga mwenyewe na alilijua hilo.

"Usiposema hivyo nitatia sahihi."

"Nitashika ncha ya pili," alisema Wane. "Mtumwa haachiwi kazi bila msimamizi."

*

Mpira ulikuwa wa mita arobaini, mwangavu, umepinda hapa na pale kwa uzee. Ijumaa asubuhi Latyr aliujaza maji taratibu, akiufukuzia mapovu kwa kidole, na humo akaongeza matone ya bisapu ya mkewe ili mstari wa maji uonekane vizuri. Kazi hiyo aliipenda. Maji ndani ya mpira yakitulia, ncha mbili huwa na usawa mmoja, hata kama ncha moja iko kwa maskini na nyingine kwa tajiri. Hapo unashusha futi kutoka kwenye maji hadi sakafuni, kila mtu upande wake, na tofauti inajitaja yenyewe. Alikuwa amewafundisha vijana wengi hivyo.

Waliupitisha kwenye kichochoro. Ndoumbé alikaa mbali, mikono mgongoni, asije akasemwa kuwa amegusa. Dibor na Gnilane walisimama kwenye mlango wa uani. Upande wa pili wa ukuta, Wane aliingia katika nyumba yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Alisikika akikanyaga matope na kukata matete kwa panga.

"Weka kizingitini!" Latyr alipaza sauti juu ya ukuta.

"Kizingiti changu kinaota msitu, mtumwa!"

"Fyeka!"

"Nafyeka. Wewe ndiye wa kufyeka, lakini nakuonea huruma, una tumbo la mtama." Panga lilisikika tena. "Kuna kambare humu, wallahi. Kambare sebuleni! Nitawatoza kodi."

"Maji yanasemaje?"

"Yanacheza."

"Yaache yatulie. Usipumue."

"Nikiacha kupumua nani atakulisha?"

"Funga mdomo, soma."

Latyr alipiga magoti kwenye kizingiti cha chumba chake, akashusha futi kutoka kwenye mstari mwekundu. Sentimita themanini na moja. Akaandika kwa mkaa ukutani. "Mimi themanini na moja. Wewe?"

Latyr akagonga ukuta kwa mkaa.

"Hamady! Kambare wamekula ulimi? Wewe ngapi?"

Kuku alipita uani, akadonoa mpira, Gnilane akamfukuza.

"Mia na arobaini na saba," alisema Wane.

Latyr alitoa hesabu kichwani bila kupenda. Sitini na sita. Sakafu yake ilikuwa juu ya kizingiti cha jirani kwa sentimita sitini na sita, kimo cha meza: yeye wa chini ndiye aliyeyazibia maji njia.

"Umesoma vibaya. Soma tena."

"Mia na arobaini na saba, Latyr."

Alimwita kwa jina. Latyr alibaki amepiga magoti, akingoja. Alingoja atukanwe. Alingoja aambiwe kwamba Mserer amepanda juu ya kinyesi ili afikie kimo cha Mtukulori, au chochote kile, hata upuuzi. Utani mwepesi kama huu hata mtoto asingeukosa. Upande wa pili palikuwa kimya, panga limenyamaza, na kimya hicho kilimtisha Latyr kuliko namba. Aliuweka mpira chini, akavaa kandambili, akazunguka kwenye kichochoro.

Alimkuta Wane amechuchumaa kwenye matope, chini ya ukuta wao wa mpaka. Alikuwa amekata matete yote ya hapo. Kwenye mguu wa ukuta palikuwa na tundu la upana wa kichwa cha mtu, lile tundu ambalo fundi yeyote wa heshima huliacha katika ukuta wa watu wawili ili maji ya wa juu yapite kwa wa chini. Ukuta ule Latyr aliujenga yeye, na Wane ndiye aliyemsogezea zege. Tundu lilikuwa limezibwa. Halikuzibwa na takataka wala na mizizi. Lilizibwa kwa saruji kutoka upande wa Latyr, na saruji hiyo ilikuwa imesukumwa barabara mpaka ikajaa, kazi ya mtu anayeijua kazi.

"Uliziba lini?" aliuliza Wane.

Latyr angeweza kusema hakumbuki, na mpaka asubuhi ile isingekuwa uongo kamili. Alikuwa amelisahau tundu lile kwa bidii.

"Mwaka ule wa kwanza. Wiki ya Idi ya Tabaski. Maji yalikuwa yanapita katikati ya chumba, kondoo wa sikukuu amesimama ndani ya maji analia. Nikasema naziba kwa wiki moja tu. Baadaye nikajaza sakafu, na tundu likapotea chini."

"Wiki moja."

"Wiki moja, Hamady."

"Nilidhani ni uchafu umeziba." Wane aligusa saruji kwa ncha ya panga. "Kila asubuhi nilikuwa nalizibua kwa fimbo. Awa ananicheka, ananiambia nimechumbia ukuta. Miaka kumi na moja. Nikasema labda ni nyumba yangu tu ina mkosi."

Latyr aliona haya, akatazama kandambili zake. Alitaka kusema samahani, lakini neno hilo hakuwahi kulitumia kwa mtu huyu, na hakujua pa kulianzia. Wane alinyanyuka, akafuta panga kwenye suruali, akamkabidhi ncha ya mpira kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyokabidhiwa mtu baki.

"Haya, fundi. Mpira wako huo."

Akaondoka kuelekea kituo cha basi.

Ndoumbé alikuwa bado kichochoroni. Latyr alichukua karatasi, akaiegemeza kwenye ukuta, akatia sahihi kwa herufi kubwa. Dibor alikuwa amesimama nyuma yake.

"Katapila lisiguse sakafu ya vyumba vyangu," Latyr alimwambia yule dada. "Likija Jumatatu likute pamebaki kuta tupu. Nilivyovijaza kwa mikono nitavitoa kwa mikono."

"Baba, ni sakafu ya miaka kumi na saba. Una siku mbili."

"Hesabu naijua."

*

Walianza Jumamosi alfajiri, sururu, beleshi na ndoo. Saruji ya juu ilipasuka kirahisi. Alikuwa ameipiga nyembamba kwa sababu ya bei. Chini yake ulitoka mchanga, kisha takataka za mwaka ule, kisha saruji nyingine, mchanga mwingine, takataka nyingine. Zilitoka kandambili za plastiki za rangi zote, makopo ya nyanya, betri, nywele za bandia, magamba ya chaza, na mdoli asiye na mikono. Harufu iliwafukuza kuku. Gnilane alijifunga kitambaa puani. Dibor alibeba ndoo mbili mbili, akamwaga kwenye mkokoteni uleule wa farasi ulioleta vitu hivyo, na mwenye mkokoteni akashangaa kusikia kwamba safari hii vinatoka.

"Huu ni mwaka wa homa ya Gnilane," alisema Dibor akishika tabaka moja la saruji. "Tazama, nilimwaga rangi ya bluu."

"Na huu wa chini ni ule wa harusi ya dada yako Tening."

"Tulicheza juu ya uchafu wote huu?"

"Wewe ulicheza. Mimi nilikuwa naogopa sakafu itapasuka."

Akacheka, yule mwanamke, huku jasho likimtiririka na mikono imejaa tope, na Latyr akamtazama kwa shukrani ambayo hakuisema. Lakini siku nzima alikuwa akipiga jicho kichochoroni. Majirani walikuja kusaidia: kina mama wa Dibor wakiwa na mabeseni, hata yule kijana wa utani wa chunusi, ambaye hakutazamwa usoni na mtu yeyote na alifanya kazi kuliko wote. Wane hakuja.

Alikuja Jumapili saa nne, na beleshi la kuazima begani. Alisalimia watu wote, akavua viatu, akaingia shimoni karibu na Latyr, akaanza kuchota. Walifanya kazi bega kwa bega kwa muda mrefu, wakipishana mabeleshi, bila kusemezana. Mtu asiyewafahamu angesema ni wazee wawili watulivu. Dibor aliwafahamu, na hakusikia tusi hata moja. Aliwaletea maji, akasimama kusubiri, akaondoka na kikombe kitupu.

Saa sita beleshi la Latyr liligonga kitu kigumu, likatoa mlio tofauti. Alifuta kwa kiganja. Vilikuwa vigae, vyeupe na vya kijivu, sakafu ya kwanza aliyomwekea Dibor alipomleta mjini. Kwenye mguu wa ukuta palionekana mviringo wa saruji.

Hakumwomba mtu. Alichukua patasi na nyundo, akapiga. Alikuwa ameijenga vizuri, Mungu amsamehe, na ilimchukua pigo baada ya pigo kabla haijatikisika. Wane aliitazama kidogo, kisha akatupa beleshi, akainama, akaishika patasi ili mwenzake apige kwa mikono miwili. Kuishika patasi ya mtu mwenye nyundo si jambo dogo, na Latyr alipiga kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia kwa kitu kingine. Kizibo kilipasuka vipande viwili. Maji meusi yalisita kwanza tunduni, kisha yakaja membamba, yakapita kati ya miguu yao minne, yakaufuata mteremko wa vigae mpaka upande wa bonde, kana kwamba hayakuwahi kuisahau njia. Kina mama walipiga vigelegele. Ndoumbé, aliyekuwa amekunja suruali na kuchafuka kama wengine, aligeuka kando akafuta macho.

"Hamady," alisema Latyr. "Mimi..."

Akanyooka ili aseme vizuri. Akanyooka, akaendelea kunyooka, mabega yakarudi nyuma, shingo ikatoka, na kichwa hakikugusa kitu. Alinyoosha mkono juu, polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani, na bado hakulifikia paa. Alisimama hapo juu ya vigae vyake, wima, kwa mara ya kwanza baada ya miaka asiyotaka kuihesabu.

Wane alimtazama kutoka chini hadi juu. Uso wake ulikunjamana kidogo.

"Kumbe mtumwa wangu ni mrefu hivi," alisema Wane. "Na nilikuwa namlisha kama mfupi."

Latyr alifuta macho kwa mkono wenye tope. Ilibidi ajibu, ni marufuku kutojibu. "Ulikuwa unanipa maziwa," alisema hatimaye. "Yamefanya kazi."

Chumba kizima kiliangua kicheko, ila wao wawili. Wao walikuwa wameshikana mikono, wamekazana kutazama maji.

Kesho yake katapila lingekuja, na kuta zile zisingefika Jumatano. Dibor aliita watu uani kula. Latyr alitoka wa mwisho. Alipofika mlangoni aliinama kwa mazoea, kidevu kifuani, mgongo umekunjwa, na mita nzima ya hewa ikabaki tupu juu ya kichwa chake.

"Wewe!" Wane alimpigia kelele kutoka kwenye sinia. "Inua kichwa, mlango huo ni wako."

Latyr alirudi ndani. Akatoka tena, amesimama wima.